Namna tarakilishi inavyousoma moyo unaopiga bila mpangilio

Kila mpigo wa moyo hutanguliwa na umeme. Umeme huo huanzia katika kifundo kidogo kilichoko ukutani mwa chumba cha juu cha kulia, ukaenea katika vyumba viwili vya juu, ukasita kidogo kwenye kituo kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini, kisha ukateremka upesi na kuvifanya vyumba vya chini vijikaze na kusukuma damu. Safari nzima haifiki nusu ya sekunde. Sehemu ndogo ya umeme huo hupenya hadi kwenye ngozi, ambako hunaswa na vibandiko viitwavyo elektrodi na kuchorwa kwa mstari wenye vilima na mabonde. Mchoro huo ndio elektrokadiogramu, ambayo kwa kifupi huitwa ECG.

Mstari huo una alama zake. Kilima kidogo cha kwanza, P, ni umeme wa vyumba vya juu. Hufuatwa na kilele chembamba na kirefu, QRS, ambacho ni umeme wa vyumba vya chini, kisha kilima kipana cha T, wakati vyumba hivyo vinapojitayarisha kwa mpigo mwingine.

Katika ugonjwa wa mtetemo wa vyumba vya juu, ambao madaktari huutaja kwa herufi AF, utaratibu huo huvurugika. Badala ya amri moja kutoka kwenye kifundo, umeme huzagaa holela katika vyumba vya juu, mara 350 hadi 600 kwa dakika, navyo vikawa vinatetemeka tu pasipo kujikaza. Kituo cha katikati hupitisha baadhi ya amri hizo na kuzizuia nyingine bila mpango wowote. Matokeo kwenye mstari ni mawili. Kilima cha P hutoweka na mahali pake huchukuliwa na viwimbi vidogo vidogo. Na vilele vya QRS huja kwa vipindi visivyofanana, kimoja kifupi, kingine kirefu. Hakuna mpiga ngoma awezaye kuufuata mdundo kama huo.

Damu isiyosukumwa hutuama. Katika AF, damu hutuama hasa katika kijifuko cha chumba cha juu cha kushoto, ikaganda, na donge hilo likichukuliwa hadi ubongoni huleta kiharusi. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanyiwa wakazi wa mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha mwaka wa 1991 kwamba AF huongeza uwezekano wa kiharusi karibu mara tano. Dawa za kuzuia damu kuganda hupunguza sana hatari hiyo, lakini dawa hizo hizo huweza kumfanya mgonjwa avuje damu, hata ndani ya kichwa. Kwa hivyo kosa la kuusoma mstari lina gharama pande zote mbili: anayekosa kutambuliwa hubaki akingoja kiharusi, naye anayetambuliwa visivyo hupewa dawa ya hatari asiyoihitaji.

Tatizo jingine ni kwamba kwa wagonjwa wengi mtetemo huja na kuondoka, saa chache leo na dakika kadhaa wiki ijayo, na wengine hawahisi lolote. ECG ya sekunde 10 inayochukuliwa hospitalini yaweza kuukosa kabisa. Ndiyo sababu wagonjwa huvalishwa kinasa cha saa 24 au zaidi. Hata hivyo, moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na hakuna daktari mwenye muda wa kukagua vilele 100,000 vya kila mgonjwa. Kazi hiyo imeachiwa tarakilishi.

Kutoka ndoo za maji ya chumvi

Augustus Waller alikuwa wa kwanza kuonyesha umeme wa moyo wa binadamu kutoka juu ya ngozi, jijini London mwaka wa 1887, ila chombo chake kilikuwa kizito wa kuitikia na mchoro wake haukuwa wazi. Ni Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang katika kisiwa cha Java, aliyetengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 chombo chenye uzi mwembamba uliotikisika kati ya sumaku kila umeme ulipopita. Chombo hicho kilikuwa na uzani wa karibu kilo 270 na kilihitaji watu watano kukiendesha, huku mgonjwa ameketi na mikono na mguu wake ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Herufi P, QRS na T ni zake. Mwaka wa 1906 Einthoven alichapisha michoro kadhaa, ukiwemo wa moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio, na baadhi ya michoro hiyo ililetwa kwa waya wa simu kutoka hospitali iliyokuwa kilomita moja unusu kutoka kwa maabara yake. Miaka mitatu baadaye, Thomas Lewis wa London alieleza kwamba chanzo cha mapigo hayo kilikuwa mtetemo wa vyumba vya juu. Einthoven alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1924.

Kinasa cha kubebwa kilibuniwa na Norman Holter wa jimbo la Montana, Marekani. Cha kwanza, kilichorusha ishara kwa redio, kilibebwa mgongoni na kilikaribia kilo 38. Kufikia mwaka wa 1961, alipoeleza kazi yake katika jarida la Science, kilikuwa kimepungua kiasi cha kumruhusu mtu kuendelea na shughuli zake za kila siku. Jina lake ndilo ambalo kinasa hicho huitwa hadi leo.

Kelele ndani ya mstari

Kilele cha QRS hufikia takriban milivolti 1, yaani sehemu moja ya elfu ya volti, ilhali betri ya kawaida ya kurunzi ina volti 1.5. Kilima cha P huwa kama sehemu moja ya kumi ya kilele hicho, na viwimbi vya mtetemo huwa vidogo hata kuliko hapo. Umeme hafifu namna hiyo hauji peke yake. Kifua kinapopanda na kushuka kwa pumzi, mstari mzima hupanda na kushuka nacho. Misuli ya mgonjwa anayetetemeka kwa baridi au woga hutoa umeme wake. Nyaya za ukutani nazo huingiza mtikisiko wa umeme wa majumbani. Yote haya wahandisi huyaita kelele, ingawa hayana sauti.

Kuondoa kelele ni kama kupepeta mchele. Ukipepeta kidogo, pumba hubaki; ukipepeta kwa nguvu, mchele huondoka na pumba. Mawimbi ya pumzi ni ya polepole, chini ya nusu mtetemo kwa sekunde, na huweza kukatwa kwa chujio linalozuia yaliyo polepole. Lakini sehemu ya mstari iliyo kati ya QRS na T pia ni ya polepole, na chujio likikazwa mno huishusha au kuiinua sehemu hiyo, hata mtu mzima wa afya akaonekana kana kwamba amepatwa na mshtuko wa moyo. Kelele za misuli ni za kasi, na chujio linalozuia yaliyo kasi hulainisha mstari ukapendeza macho, lakini hufuta pia ncha ndogo ambazo daktari alitaka kuziona. Mstari safi kupita kiasi wapaswa kutiliwa shaka kuliko ule wenye mikwaruzo.

Umeme wa majumbani unastahili kutajwa peke yake. Nchini Kenya hutikisika mara 50 kwa sekunde. Nchini Marekani, mara 60. Mashine nyingi za ECG huwa na chujio la kuziba mtikisiko huo pekee, nalo huhitaji kuambiwa liko nchi gani. Mashine iliyopangwa kwa 60 ikiletwa katika zahanati ya Kenya itaziba mahali pasipo na kelele na kuiacha kelele yenyewe ipite, na mstari utaonekana mnene kama uliochorwa kwa kalamu iliyochakaa. Viwimbi vya mtetemo haviwezi kuonekana ndani ya unene huo. Jenereta ndogo, ambayo kasi yake hupanda na kushuka kulingana na mzigo, huongeza tatizo kwa kuwa umeme wake haukai kwenye 50 kamili. Tiba yake mara nyingi si hesabu: ni kuchomoa waya na kuiendesha mashine kwa betri.

Rekodi za Boston

Ili kujua kama tarakilishi inasoma sawasawa, lazima pawe na rekodi ambazo majibu yake yanajulikana. Rekodi mashuhuri zaidi zilitoka katika Hospitali ya Beth Israel jijini Boston, zikatayarishwa kwa ushirikiano na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT. Ni rekodi 48, kila moja ya nusu saa, zilizochukuliwa kwa watu 47 kati ya mwaka wa 1975 na 1979. Ishirini na tatu zilichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwa zaidi ya kanda 4,000 za saa 24. 25 zilichaguliwa kwa makusudi kwa kuwa zilikuwa na mapigo ya nadra lakini yenye maana kwa tiba. Mkusanyiko huo ulitolewa kwa watafiti mwaka wa 1980.

Kazi iliyofanywa kuutayarisha ni ya kustaajabisha. Kila rekodi ilichapishwa kwenye karatasi yenye urefu wa takriban mita 45, na nakala zikapewa madaktari wawili wa moyo, kila mmoja akifanya kazi peke yake. Waliongeza mipigo iliyorukwa na tarakilishi, wakafuta ya uongo, wakauandikia kila mpigo aina yake. Pale walipotofautiana, walikaa wakapatana. Hatimaye zilipatikana alama zipatazo 110,000.

Mstari ulio kwenye ukanda hauna mapumziko, ilhali tarakilishi hufahamu nambari tu. Kwa hivyo urefu wa mstari ulipimwa mara 360 kwa sekunde, na kila kipimo kikawa tarakimu. Nambari 360 ilichaguliwa kwa kuwa inagawanyika kwa 60 bila baki, jambo linalorahisisha kutengeneza chujio la umeme wa Marekani. Kwa umeme wa Kenya, jibu ni 7.2. Kanda zenyewe nazo ziliacha alama zao, kwa kuwa gurudumu lililozizungusha halikwenda kwa mwendo mmoja daima. Baadhi zilisomwa kwa kasi maradufu ili kuokoa muda, na kelele ya umeme iliyoingia wakati huo ikajitokeza kwenye rekodi kama mtikisiko wa 30 badala ya 60. Mtafiti asiyejua historia hiyo aweza kudhani amegundua jambo jipya moyoni.

Kutoka kanda za tarakilishi, mkusanyiko huo ulihamishiwa kwenye sidii mwaka wa 1989. Nusu ya rekodi ziliwekwa bure kwenye mtandao wa PhysioNet mwaka wa 1999 na zilizosalia mwaka wa 2005, na tangu hapo mwanafunzi yeyote mwenye intaneti, awe Boston au Eldoret, amekuwa na haki sawa ya kuzitumia.

Kuhesabu vilele

Mwaka wa 1985, Jiapu Pan na Willis Tompkins wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walieleza njia ya kutambua kilele cha QRS ambayo ingali inafundishwa. Kwanza chujio hubakisha mitikisiko ya kati ya 5 na 15 hivi kwa sekunde, ambamo sehemu kubwa ya nguvu za QRS imo. Kisha tarakilishi hupima jinsi mstari unavyopanda na kushuka kwa ghafla, kwa kuwa QRS ni mkali wa kupanda kuliko P na T. Halafu kila jibu huzidishwa kwa lenyewe. Baada ya hapo hupatikana wastani wa kipindi kifupi kinachosonga mbele pamoja na mstari, na kila kinachovuka kizingiti huhesabiwa kuwa mpigo. Kizingiti chenyewe hujirekebisha kulingana na vilele na kelele zilizotangulia. Na iwapo muda mrefu kupita kiasi umepita bila mpigo, tarakilishi hurudi nyuma ikatafuta tena kwa kizingiti cha chini zaidi.

Njia hiyo ilitosha katika kichakato kidogo cha Z80, kilekile kilichotumika katika tarakilishi za nyumbani za enzi hizo, na katika rekodi za Boston ilitambua asilimia 99.3 ya mipigo. Alama hiyo ni ya juu, lakini katika mipigo 100,000 ya siku moja, asilimia 0.7 ni makosa 700. Na makosa hayasambai sawasawa. Hurundikana pale mgonjwa anapopanda ngazi au kugeuka kitandani, na kwa wagonjwa wenye maumbile ya mstari yasiyo ya kawaida. Rekodi nambari 108 ya Boston, ambayo vilima vyake vya P ni virefu na vyenye ncha, ni mfano unaojulikana sana.

Hatua ya kuzidisha ndiyo yenye siri. Ikiwa QRS ni mara 10 ya P, baada ya kuzidishwa kwa lenyewe huwa mara 100. Kilele hubaki wazi kabisa, na P huzama. Hilo ndilo lililokusudiwa. Lakini maana yake ni kwamba tarakilishi iliyokwisha kuhesabu vilele kwa njia hii imetupa ushahidi wa moja kwa moja kuhusu vyumba vya juu, na AF ni ugonjwa wa vyumba vya juu. Kilichobaki mikononi mwake ni vipindi tu kati ya kilele na kilele.

Vipindi hivyo husema mengi. Mwaka wa 1983, George Moody na Roger Mark wa MIT walieleza njia ya kukiita kila kipindi kifupi, cha kawaida au kirefu kikilinganishwa na wastani wa vilivyotangulia, kisha kuhesabu ni mara ngapi kifupi hufuatwa na kirefu, kirefu na cha kawaida, na kadhalika. Katika moyo wa kawaida cha kawaida hufuata cha kawaida. Katika AF kila kitu chaweza kufuatwa na chochote. Wengine baadaye walipima vurugu hiyo kwa kipimo cha entropia, kinachoonyesha jinsi ilivyo vigumu kukisia kipindi kijacho.

Udhaifu wa njia zote hizi ni mmoja. Mpigo mmoja ukirukwa, vipindi viwili hugeuka kimoja kirefu. Kelele moja ikihesabiwa kuwa mpigo, kipindi kimoja hugawanyika viwili. Makosa machache ya aina hiyo yanatosha kuufanya moyo mzima uonekane umevurugika. Vijana wenye afya nao huwa na mapigo yanayoongezeka wanapovuta pumzi na kupungua wanapoitoa, na mipigo ya mapema isiyo na madhara pia huvunja mpangilio. Kinyume chake, kuna maradhi ya vyumba vya juu yanayopita bila kushukiwa. Katika mpepeo wa atria, vyumba hivyo hujikaza karibu mara 300 kwa dakika, kituo cha katikati kikapitisha mmoja kwa kila miwili, na mapigo yakawa 150 yaliyopangika kama saa. Mgonjwa wa AF aliyewekewa kifaa cha kuendesha moyo pia aweza kuwa na vipindi sawa kabisa.

Kuutafuta mtetemo wenyewe

Njia ya pili ni kurudi kwenye viwimbi. Ugumu ni kwamba viwimbi hivyo hutikisika mara 4 hadi 9 hivi kwa sekunde, mle mle ambamo nguvu za QRS na T zimo, kwa hivyo hakuna chujio la kawaida liwezalo kuvitenganisha. Suluhisho ni kutoa badala ya kuchuja: tarakilishi hukusanya mipigo mingi ya mgonjwa, hupata umbo la wastani la QRS na T, kisha huliondoa umbo hilo mahali pa kila mpigo. Kinachobaki ni vyumba vya juu peke yake. Moyo husogea kidogo kwa kila pumzi na umbo hubadilika, ndipo Martin Stridh na Leif Sörnmo wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, wakaeleza mwaka wa 2001 namna ya kurekebisha umbo hilo kabla ya kuliondoa. Kasi ya viwimbi vinavyobaki humsaidia daktari: mtetemo wa polepole huelekea zaidi kukoma wenyewe au kwa dawa kuliko ule wa kasi.

Siku hizi akili unde haingoji kuambiwa itafute nini. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka wa 2019, mashine ilifunzwa kwa rekodi 91,232 za wagonjwa 53,549 na ikaainisha aina 12 za mapigo kwa kiwango cha madaktari wa moyo au kukizidi kidogo. Lakini mashine hujifunza pia mambo isiyotakiwa kujifunza. Kwa miaka mingi watafiti waligawanya mipigo ya Boston ovyo, ya mtu yule yule ikawa kwenye mafunzo na kwenye mtihani pia, na matokeo yakang'ara. Mwaka wa 2004 Philip de Chazal na wenzake jijini Dublin waliwagawanya wagonjwa wenyewe, waliofunzia wasiwe waliotahiniwa. Mtihani ukawa mgumu zaidi, na ndio mtihani wa haki.

Saa za mkononi hufuata njia nyingine tena. Nyingi hazipimi umeme. Humulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kupima kinachorudi damu inapojaa na kupungua. Katika utafiti wa saa za Apple uliotangazwa mwaka wa 2019, watu 419,297 walifuatiliwa na 2,161 wakapata onyo la mapigo yasiyo na mpangilio. Kati ya 450 waliorudisha kibandiko cha ECG walichotumiwa baadaye, asilimia 34 walipatikana na AF. Ngozi nyeusi hufyonza mwanga wa kijani kuliko nyeupe, hivyo mwanga unaorudi huwa hafifu zaidi, na mkono unaotembea huuvuruga zaidi ya hapo. Miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya ya mwaka wa 2020 ilitaka AF ithibitishwe kwa ECG ya kawaida ya hospitalini au kwa ECG ya mstari mmoja ya angalau sekunde 30, iliyosomwa na daktari.

Moyo ulioumia utotoni

Barani Afrika AF huwa na sura nyingine. Utafiti wa wagonjwa zaidi ya 15,000 katika nchi 46, uliotangazwa mwaka wa 2014, ulibaini kwamba asilimia 21.5 ya wagonjwa wa AF wa Afrika walikuwa na maradhi ya moyo yatokanayo na homa ya rumatiki, wakilinganishwa na asilimia 2.2 Amerika Kaskazini. Vilevile, wagonjwa wa Afrika walikuwa na umri mdogo kwa zaidi ya mwongo mmoja wakilinganishwa na wa maeneo mengi mengine. Homa hiyo huanza na maambukizi ya koo ya mtoto ambayo hayakutibiwa. Vali iliyo kati ya vyumba vya kushoto huharibika na kuwa nyembamba, chumba cha juu hutanuka, na miaka ikipita hutetemeka. Kabla ya hapo, kilima cha P cha mgonjwa huwa kipana chenye nundu mbili, onyo ambalo tarakilishi inayohesabu vilele pekee hailioni.

Programu iliyofunzwa kwa wazee wa Boston au wavaaji wa saa wa California haijakutana na mgonjwa huyo mara nyingi. Aidha, hata ikimtambua, haijui alipatwaje, na tiba hutegemea hilo. Mwaka wa 2022, utafiti wa INVICTUS uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye AF na moyo wa rumatiki katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini ulionyesha kwamba waliopewa dawa za zamani za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliopewa dawa mpya ya rivaroksabani, bila kuvuja damu zaidi. Wafarini huhitaji mgonjwa apimwe damu mara kwa mara. Ili daktari achague kati ya dawa hizo, mstari wa ECG hautoshi, uwe umechujwa vizuri namna gani. Vali huonekana kwa picha za mawimbi ya sauti, na kabla ya picha, kwa sikio lililozoea kusikiliza kifua.